Daktari aliyeandika hata waliokufa

Mzee aliingia zahanati ameshikwa mkono na mjukuu wake, mvua ikinyesha vile inavyonyesha Rungwe mwezi wa nne, na tulipomaliza salamu akaniambia kwamba migomba imegeuka njano. Nikadhani anazungumzia shamba lake, maana huku kwetu habari ya mgomba ni habari ya kila siku. Akatikisa kichwa.

"Yote, daktari. Na ukuta wako huu. Na koti ulilovaa."

Koti langu lilikuwa jeupe. Nikamkalisha kwenye benchi, nikamshika kifundo cha mkono, nikahesabu mapigo kwa dakika nzima, si ile nusu dakika ya kuzidisha mara mbili tunayofanya foleni ikiwa ndefu. Arobaini na mawili. Mjukuu akasema babu anatapika tangu jana na hataki kula. Kisha akafungua mfuko akanionyesha bahasha mbili za vidonge na chupa ya maji ya lita moja na nusu, ndani yake mna dawa ya rangi ya chai iliyokolea.

Bahasha ya kwanza ilikuwa ya vidonge vya kukojoa. Ya pili ilikuwa digoksini, dawa ya moyo, vile vidonge vidogo vyeupe ambavyo ukivimwaga kiganjani unaweza kuvidharau. Mzee huyu moyo wake umetanuka. Mwezi mmoja na nusu nyuma alirudi kutoka hospitali akiwa na maelekezo ya kumeza kimoja kwa siku. Miguu ilipoanza kuvimba tena, akafanya hesabu ambayo ningeweza kuifanya mimi nikiwa na uchovu na woga wake: kama kimoja kinasaidia, vitatu vitasaidia zaidi. Na ile chupa ilikuwa ya mitishamba ya kusafisha tumbo. Alikuwa ameharisha siku nne.

Tulimpakia kwenye gari la kukodi mpaka hospitali, na namshukuru Mungu alipona. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu moja. Mara ya kwanza mzee yule alipofika kwangu, miezi mingi kabla, aliniambia kwa moyo mweupe kwamba anatumia pia dawa za kienyeji, nami nikamkaripia mbele ya watu. Nilimwambia achague, ama hospitali ama miti. Hakuchagua. Alijifunza kuninyamazia. Laiti angeniambia kwamba anaharisha kwa dawa ya chupa, ningemsimamishia digoksini siku hiyohiyo. Dawa hii hugombea nafasi moja na madini ya potasiamu kwenye ukuta wa seli za moyo. Ukiharisha na kutapika, ukimeza na vidonge vya kukojoa juu yake, potasiamu inatoka, nafasi inabaki wazi, na dawa inaushika moyo kupita kiasi. Mapigo yanashuka, tumbo linachafuka, macho yanaona njano au kijani.

Hayo ya macho niliyasoma chuoni kama mstari mmoja kwenye orodha ya madhara. Usiku ule niliamka nikatafuta ni nani aliyeyaandika kwanza kwa makini, nikamkuta daktari wa Uingereza, mpenda maua, katika kitabu cha mwaka 1785. Anaitwa William Withering. Tangu hapo nimeishi naye kama mtu anavyoishi na jirani mpya anayemvutia, na leo nataka kumsimulia, kwa sababu naamini ana neno na sisi watu wa nyanda za juu kuliko anavyodhaniwa.

Alizaliwa mwaka 1741 Wellington, katika jimbo la Shropshire, baba yake akiwa mtengeneza dawa na mtibabu wa pale mjini. Akapelekwa kusoma udaktari Edinburgh. Huko somo la mimea lilikuwa sehemu ya masomo ya tiba, kwa kuwa dawa nyingi zilitoka kwenye mimea, na profesa alikuwa akitoa nishani ya dhahabu kwa anayefanya vizuri. Kijana Withering akawaandikia wazazi wake kwamba hata nishani hiyo haitoshi kumwondolea chuki aliyo nayo juu ya somo hilo. Nilipoisoma barua hiyo nilimpenda zaidi. Nami nilikariri majina ya Kilatini ya mimea kwa ajili ya mtihani tu, nikayasahau kabla matokeo hayajatoka.

Alihitimu mwaka 1766, akaanza kazi Stafford, mji mdogo wenye hospitali changa. Hapo ndipo alipompata mgonjwa aliyembadilisha. Alikuwa binti, Helena Cookes, na alikuwa mchoraji wa maua. Kwa kuwa hakuweza kutoka kitandani kwenda kuyatafuta, daktari wake akaanza kumletea. Mwone basi: mwanamume aliyechukia somo la mimea, anateremka kwenye farasi njiani akitoka kumwona mgonjwa wa kijiji cha mbali, anainama kwenye majani yenye umande, anachagua ua ambalo halijanyauka, analibeba asiliponde. Ili amletee ua jipya kila mara, ilimlazimu aanze kuyatofautisha. Ili ayatofautishe, ilimlazimu asome. Walioana mwaka 1772.

Miaka minne baadaye, mwaka 1776, Withering alitoa kitabu kikubwa cha mimea ya Uingereza kilichopangwa kwa utaratibu wa Linnaeus, yule Mswidi aliyetufundisha kuupa kila mmea majina mawili. Kilichonigusa kwenye kitabu hicho ni lugha. Elimu ya mimea wakati huo ilifungiwa ndani ya Kilatini, na asiyekijua Kilatini alibaki mlangoni. Yeye aliandika kwa lugha ya nyumbani kwake, akatafuta maneno ya kawaida kwa sehemu za ua, ili mwanamke wa nyumbani au mkulima aweze kushika jani mkononi na kitabu mkono mwingine akajua anaangalia nini. Alibuni hata hadubini ndogo ya kukunjwa, ya kubeba mfukoni ukienda porini. Wataalamu wengine walimlaumu kwa kukwepa kutaja jinsia ya maua, maana alihofia kuwaudhi wasomaji wa kike, na lawama hiyo naiona ni ya haki. Lakini mlango aliufungua.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 1775 watu walimletea Withering dawa ya familia wakitaka maoni yake. Ilikuwa dawa ya kuondoa maji mwilini, ule ugonjwa ambao miguu inavimba, tumbo linajaa, na mgonjwa hawezi kulala chali kwa sababu pumzi inakata. Sisi tunaujua. Ni ugonjwa wa yule mzee wangu. Alielezwa kwamba dawa hiyo ilikuwa siri ya bibi mmoja wa Shropshire, ambaye mara nyingine aliwaponya watu walioshindikana kwa madaktari. Wagonjwa wake walitapika na kuharisha vibaya sana, ndivyo watu walivyosimulia. Hakuna aliyegundua kuwa walikuwa pia wakikojoa mno. Ndani ya mchanganyiko kulikuwa na mimea ishirini au zaidi.

Withering anaandika kwamba kwa mtu aliyeizoea mimea haikuwa vigumu kutambua kwamba mmea wenye nguvu kati ya hiyo yote hauwezi kuwa mwingine ila mmoja. Ni mmea wenye maua ya zambarau yaliyoning'inia kwenye bua refu, kila ua mfano wa kifuniko cha kidole cha mshonaji. Kwa umbo hilo, Mjerumani Leonhart Fuchs, naye daktari na mtaalamu wa mimea, aliuita Digitalis mwaka 1542, kutokana na neno la Kilatini la kidole. Sikuwahi kuuona kwa macho yangu. Nimeuona kwenye picha ya Withering iliyochorwa mwaka 1792: amekaa, ameushika mkononi kama mtu aliyeshika mkono wa mtoto wake.

Angeweza kuishia hapo. Angesema amegundua dawa, akaichemsha, akaiuza, na jina lake likavuma kwa miaka miwili mitatu mpaka mtu maarufu afe nayo mikononi. Badala yake alikaa nayo miaka kumi.

Siku hizo alikuwa amehamia Birmingham, na pamoja na wateja wake wenye uwezo alikuwa akiwapa ushauri maskini bila malipo, watu kati ya elfu mbili na elfu tatu kwa mwaka. Wengi wao walikuwa na maji mwilini. Akaanza kuwapa dawa ile kwa kuchemsha majani. Akaona matokeo yanayumba: huyu amepata nafuu, yule amezidiwa, na kipimo kilikuwa kilekile. Akajiuliza kwa nini. Akafikiri kuwa kuchemsha kunaharibu nguvu ya jani, tena jani la mwezi huu si sawa na jani la mwezi ujao. Basi akachagua wakati mmoja tu wa kuchuma, pale maua yanapokaribia kufunguka. Akayakausha, akayasaga, akaupima unga kwenye mizani. Punje moja hadi tatu za vipimo vya Kiingereza, mara mbili kwa siku. Punje hiyo moja ni kama miligramu 65. Weka chumvi kidogo kwenye ncha ya kisu, utapata picha.

Kisha akatoa kanuni ambayo mpaka leo ningependa kuibandika ukutani pa zahanati. Endelea kumpa mgonjwa mpaka dawa ionekane imefanya kazi kwenye figo, au tumboni, au kwenye mapigo, au kwenye haja kubwa. Na ishara yoyote kati ya hizo ikijitokeza tu, acha. Usisubiri ya pili. Mzee wangu alikuwa nazo zaidi ya moja, na hapakuwa na mtu wa kumwambia aache.

Mgonjwa mmoja anayemwandika, mwanamke aliyeitiwa yeye pamoja na daktari Erasmus Darwin, babu wa yule Darwin maarufu, alikuwa katika hali ya kufa. Alipewa dozi tano. Akachafukwa tumbo sana, kisha ndani ya saa ishirini na nne akakojoa zaidi ya lita saba. Lita saba! Kila muuguzi aliyewahi kumwaga mpira wa mkojo wa mgonjwa wa moyo anajua furaha ya kuona namba kama hiyo. Darwin alikuja kuyachapisha mambo ya mmea huo mwaka 1780, ndani ya tasnifu ya mwanawe aliyekuwa amefariki, bila kumpa Withering haki yake, na uhusiano wao ukaharibika. Sitakaa sana kwenye ugomvi huo. Withering mwenyewe alikuwa mtu mgumu na mwenye kuweka kinyongo.

Kitabu chake kuhusu mmea huo kilitoka mwaka 1785, na utangulizi wake ndio uliniondolea usingizi. Anasema ingekuwa rahisi kuchagua visa vya wagonjwa waliopona, visa ambavyo vingeisifia dawa na pengine kumjengea yeye jina. Lakini ukweli na sayansi, anasema, vingeulaani mwenendo huo. Kwa hiyo ameandika kila mgonjwa aliyempa dawa ile, alipofaa kupewa na alipokosea kumpa, aliyepona na ambaye hakupona. Ni wagonjwa 163. Mmoja mmoja, tarehe, umri, hali, kiasi, kilichotokea. Waliokufa wamo. Ambao alizidisha dozi wamo, na hajaficha kwamba alizidisha.

Nimefanya kazi ya tiba miaka mingi. Najua vizuri jinsi mkono unavyokuwa mzito kuandika kosa lako kwenye faili.

Hebu niweke pembeni kidogo jambo la mwaka 2011, nchi nzima ilipoelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila. Watu wa mtaani kwetu nao walipanda mabasi, safari ya siku mbili na zaidi. Simlaumu aliyekwenda; maumivu hayana subira. Lakini nakumbuka ilivyokuwa waliporudi. Waliojisikia vizuri walisimulia sokoni, kanisani, kwenye basi. Waliokuja kufariki hawakusimulia, na ndugu zao walizika kimya. Kwa hiyo sokoni ilisikika sauti ya upande mmoja tu. Withering alikuwa akipambana na kitu hichohicho miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, na silaha yake ilikuwa daftari.

Tena alikosea jambo kubwa, na hilo nalo limeandikwa na mkono wake. Aliamini kuwa kazi ya dawa ni kuchochea mkojo. Hakujua kwamba maji yale yalijaa kwa sababu moyo ulichoka kusukuma damu, na kwamba dawa ilikuwa inausaidia moyo, mkojo ukafuata. Hata hivyo aliona mapigo yanabadilika, akaandika kuwa mmea huu una uwezo juu ya mwendo wa moyo ambao haujawahi kuonekana katika dawa nyingine yoyote, na kwamba uwezo huo unaweza kugeuzwa kuwa wa kuponya. Aliliacha hapo, wazi, kwa watakaokuja. Mwaka 1930 Mwingereza Sydney Smith alitenga digoksini kutoka kwa ndugu wa mmea ule, Digitalis lanata. Mwaka 1997 yakatoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 6,800 wa moyo, yakaonyesha kwamba digoksini haipunguzi vifo kwa jumla lakini inapunguza watu kulazwa. Maana yake siku chache zaidi za mzee kukaa nyumbani kwake.

Kuna mkondo wa hadithi hii unaopita jirani na kwetu kabisa, na nashangaa hatufundishwi. Kati ya mwaka 1858 na 1863, David Livingstone alikuwa kwenye msafara wa Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa, na daktari wa msafara, ambaye pia ndiye aliyekuwa mtaalamu wake wa mimea, alikuwa John Kirk, aliyesoma Edinburgh kama Withering. Ndiye huyu aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar wakati soko la watumwa linafungwa mwaka 1873. Huko bara Kirk aliona wawindaji wakipaka mishale sumu iliyoitwa kombe, itokanayo na mbegu za mmea unaotambaa. Akabeba sampuli mfukoni pamoja na mswaki wake. Siku moja alipopiga mswaki akasikia uchungu mdomoni, kisha mapigo yake ya moyo yakashuka. Akaelewa kilichotokea. Sampuli zikafika Edinburgh kwa Thomas Fraser, na kutoka kwenye mmea huo, Strophanthus kombe, ikapatikana dawa nyingine ya moyo iliyotumika hospitalini miaka mingi, yenye tabia za digoksini.

Wawindaji wa Nyasa waliijua kazi ya kombe kwenye moyo wa mnyama kabla hajazaliwa mtu wa kuipima Edinburgh. Walijua kiasi cha kupaka, walijua nyama ikatwe wapi ili iliwe salama. Nani kati yao tunamjua kwa jina? Jina la mmea tu ndilo lililobaki na neno lao.

Na bibi wa Shropshire je? Withering hakumtaja. Katika kitabu chenye wagonjwa 163 walioandikwa kwa tarehe, mtu aliyeleta mwanzo wa yote ameandikwa "bibi mmoja". Nimekuta mahali pengi anaitwa Mama Hutton, nikafurahi, mpaka nikagundua kuwa jina hilo lilibuniwa na kampuni ya dawa ya Marekani kwenye tangazo la mwaka 1928. Daktari huyu ninayemheshimu kuliko wote alikuwa na kalamu mkononi, na hakuuliza jina.

Withering aliugua kifua kikuu maisha yake ya mwisho, akaenda Lisbon kutafuta hewa ya joto, akarudi, akafa Oktoba 1799. Kwenye jiwe lake la kumbukumbu pamechongwa ule mmea.

Nami nina bibi yangu, mama wa mama. Nyumba yake ilikuwa mteremko wa chini kidogo ya mashamba ya chai, na nyuma ya jiko alikuwa na kitalu kisichozidi ukubwa wa kitanda, alichokizungushia matete ili mbuzi wasiingie. Nikiwa mtoto alinituma: kalete lile lenye manyoya, tatu, si yale makubwa. Ukileta makubwa anakurudisha. Alinusa kila jani kabla ya kuliweka sufuriani. Alikuwa na dawa ya kikohozi, ya kuhara, ya mtoto anayelia usiku, na moja ya wanawake ambayo hatukuruhusiwa kuisogelea. Nilipoanza chuo cha tiba nilirudi likizo nikiwa na maneno mengi. Nilimweleza kuhusu bakteria. Alinisikiliza, akanipa chai. Sikumwuliza swali hata moja kwa miaka ile yote ya masomo, na nilipopata akili ya kuuliza alikuwa amekwisha kulala pale chini ya mparachichi. Majani matatu, si makubwa. Hicho ndicho kipimo pekee nilichobaki nacho, na sijui cha mmea gani.

Wako waliokuja kutoka mbali wakaandika zaidi ya sisi wajukuu. Kyimbila, mwendo mfupi kutoka Tukuyu mjini, alikaa mmisionari wa Kimoravian, Adolf Stolz, ambaye kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia alikusanya mimea mingi sana ya milima hii akaipeleka Berlin. Kuna kundi zima la okidi ndogo za Afrika linaloitwa Stolzia kwa heshima yake. Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hifadhi ile ya mimea ya Berlin, na vielelezo vya mwanzo vya mimea mingi ya nyumbani kwetu vikawa majivu huko, mbali na mvua iliyoviotesha. Vilivyobaki ni vile ambavyo nakala zake zilitawanywa miji mingine. Na huko Kitulo, kwenye ile Bustani ya Mungu iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, okidi za ardhini zimechimbwa miaka mingi, magunia kwa magunia ya viazi vyake, kwenda Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko. Mmea unaweza kuondoka kabla hajatokea wa kuuliza unatibu nini.

Tuna sheria ya tiba asili ya mwaka 2002, tuna baraza lake, Muhimbili wana taasisi ya utafiti wa dawa za asili. Nafurahi vipo. Lakini kati ya taasisi hiyo na mama anayenusa majani nyuma ya jiko kule mlimani kuna mtu anayetakiwa kuwa katikati, na mtu huyo ni mimi niliyekaa zahanati, na wenzangu. Sisi ndio tunaowaona wagonjwa wake wakipona, na tunawaona wakiletwa kwa machela.

Mwezi uliofuata nilimwomba yule mjukuu anipeleke kwa aliyetengeneza ile chupa. Nilitarajia mtu mkali. Tulipanda kwa miguu karibu saa nzima, tope limeshika viatu, tukamkuta mama mzee akipukuchua maharage barazani. Shikamoo. Marahaba. Akanitazama koti la mvua, akatazama begi, akauliza kama nimekuja na mgambo.

Nikamwambia nimekuja kujifunza, na kwamba nilikosea kumkaripia mzee wetu. Hakunijibu mara moja. Alimaliza maharage yaliyokuwa mapajani, akaingia ndani, akatoka na ungo wenye mafungu manne ya mizizi na majani. Nikatoa daftari, na ile mizani ndogo ya jikoni niliyonunua Mbeya mjini. Aliicheka sana mizani. Kisha akachukua majani makavu kwa vidole vitatu, kama mtu anayechota chumvi, akayaweka juu yake. Gramu mbili. Nikamwomba arudie. Gramu mbili. Nikamwomba tena, akaanza kuona raha, akachota bila kutazama huku akizungumza na mjukuu: gramu mbili na kidogo. Mikono ile ilikuwa imepima kwa miaka arobaini.

"Mtoto je?"

"Vidole viwili."

"Na mwenye moyo mbovu?"

Akanyamaza. Akasema huyo hampi tena, tangu alipoambiwa yaliyompata mzee. Nikaandika hivyo. Akaangalia kalamu ikienda, akauliza, "Na mimi umeniandika?"

Nikamgeuzia daftari. Jina lake, ambalo hapa silitaji, lilikuwa mstari wa kwanza juu ya ukurasa, nimelipigia mstari. Hajui kusoma, lakini aliweka kidole juu yake, akakiacha hapo muda.

Mvua ilianza kupiga bati. Nilidhani tumemaliza, nikawa nafunga begi, aliposema kwa sauti ya chini kwamba kuna wengine ambao hawakupona. Akauliza kama na hao huandikwa. Nikasema ndiyo, mama, hao hasa. Akavuta kigoda karibu yangu, akaanza na wa kwanza, mwanamke wa bonde la pili, mwaka ambao barabara ilikatika. Akataja alichompa, vidole vingapi, siku ngapi. Akamtaja wa pili. Giza lilipoingia mjukuu alileta taa, tukiwa tumefika kwa wa tano.